Waapache Walionibebesha Maji

Saa kumi na moja alfajiri, wakati wenzangu wa darasa wamelala mdomo wazi, mimi niko kwenye foleni ya maji na bidoni tatu za njano, madumu ya lita ishirini, nyuma ya mama mmoja mwenye bidoni kumi na mbili na asiye na haya. Mgongo unauma. Macho kama yametiwa mchanga. Nikifika masomoni nitasinzia kwenye kemia, na mwalimu ataniuliza kama kwetu watu hulala au huchunga ng'ombe. Nitamjibu kwamba ninatunza mke. Darasa litacheka, yeye atanitoa nje, na huko nje, kwa bahati, kuna ukuta wenye kivuli unaofaa sana kwa usingizi.

Lakini si uongo. Ninatunza mke. Ana miaka themanini na kitu, macho yake yameingia ukungu, na akitaka kunituma hupiga sufuria na mwiko. Kosa lote ni la Waapache.

Sitamtaja mtu kwa jina humu. Waapache hawataji jina la mtu aliyekufa, hilo nimelisoma kitabuni na nimelipenda. Mimi sitaji hata wazima, kwa sababu mashangazi zangu husoma kila kitu na wote wana simu.

Mke wangu ni kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzazi wa baba yangu. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mjukuu na kambo hutaniana kama mtu na mke wake. Anaweza kunitukana, naweza kumwambia nitamwacha nichukue kijana, na hakuna wa kukasirika. Mimi nimezidi kidogo, kwa kuwa nilipewa jina la marehemu mume wake, aliyefanya kazi ya reli mpaka ikamvunja mgongo. Kwa jina hilo mimi ndiye bwana wa nyumba. Baba yangu mkubwa, mtoto wake wa kwanza, mtu mzima mwenye upara na gari kubwa jeusi, ananiita "papa" tangu nikiwa nafungwa nepi. Miaka yote niliona ni cheo kizuri kabisa, cheo bila kazi.

Sasa kitabu. Mwalimu wa Kifaransa alitaka sentensi yenye neno "kuvumilia". Nikanyoosha mkono nikasema: "Suruali ya mwalimu inavumilia." Ilikuwa kweli, ilikuwa imeshonwa mara tatu mahali pamoja. Adhabu yangu ikawa kusoma kitabu kizima cha maktaba ya parokia na kukieleza mbele ya darasa mwisho wa muhula. Nilichagua kwa unene. Chembamba kuliko vyote kilikuwa katekisimu. Kilichofuata kilikuwa na farasi kwenye jalada na kijana aliyefunga kitambaa kichwani. Riwaya ya vijana, ya mambo ya zamani, kuhusu Waapache na vita vyao na askari wa Amerika. Nikasema hiki, nitacheka.

Nilikuwa na haki ya kutegemea kucheka. Utotoni, tulipocheza kauboi nyuma ya kiwanja, kila mtu alitaka kuwa kauboi, na aliyechelewa kufika ndiye alifanywa Muindiani. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele, kisha kuanguka. Mimi nilichelewa kila siku. Nimeanguka sana.

Kitabu hakikuchekesha. Kijana wake ana miaka kumi na mitano, kama mimi wakati ule. Watu wake walikuwa na milima, na askari wamewatoa huko na kuwamwaga kwenye bonde la joto na vumbi, pasipo mnyama wa kuwinda. Kila mtu mzima amepewa kisahani cha chuma chenye namba, avae shingoni. Siku ya chakula wanapanga mstari, wanaonyesha namba, wanapewa unga na kipande cha nyama, wanarudi kukaa. Kurasa arobaini nzima ni watu waliochoka. Nilitaka kukirudisha nichukue katekisimu.

Kilichonizuia ni kambo. Kila Jumatano na kila Jumamosi mama alinipa chungu cha sombe, majani ya muhogo, na bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa kitambaa, nimpelekee. Kambo aliishi peke yake kwenye nyumba ya kambi ya reli, vyumba viwili na mabati yanayovuja, upande wa pili wa mji kutoka kwetu. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Jumamosi zangu za mpira zote ziliishia hapo. Na kwa kuwa macho yake hayakuona tena televisheni, nilipaswa kumkalisha kwa maneno mpaka amalize kula. Siku moja nilikosa la kusema, nikafungua kitabu, nikaanza kumsomea, Kifaransa kikiingia kwa macho na Kiswahili kikitoka kwa mdomo.

Nilipofika penye mstari wa unga na nyama, aliacha kutafuna.

"Ile njo posho," akasema.

"Posho gani, kambo?"

"Posho! Weye unasoma nini ku masomo? Siye tulipanga mustari kila Siku ya Posho. Unga, maharagi, samaki mukavu, chumvi. Na namba. Ukisahau namba, unarudia ku nyumba na kikapo yako, sawa mujinga."

Siku ya Posho kwetu ndiyo Jumamosi.

Alinituma chini ya kitanda nimtolee kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na rozari iliyokatika, vifungo, na kisahani cha shaba chenye namba iliyogongwa kwa nyundo. Cha mume wake. Nilikiweka kwenye kiganja. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotegemea.

"Bakubwa ya kazi hawakumuitaka jina," akasema. "Baliita ile. Hata mi, siku zingine kama amenikasirisha, nilimuita ile namba."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena sombe imepikwa na nani. Aliuliza: "Baapache beko wapi sasa?" Na siku niliyosoma kwamba kaka mkubwa wa yule kijana, alipomwona mama mmoja anakuja, alijifunika uso akakimbia nyuma ya hema, kambo akanisimamisha.

"Anakimbia juu ya nini?"

"Ule ni mama-mukwe yake. Kwabo muntu hawezi kumuangalia mama-mukwe."

"Kumbe!" Aliweka sahani chini. "Kumbe beko bantu! Mi niliwaza beko ba mu sinema tu. Weye, siku ya kwanza mama yangu alikuya hapa, unajua ulitokea wapi?"

Akisema "weye" hapo alimaanisha mume wake, yaani mimi.

"Wapi?"

"Ku dirisha! Na uniforme ya reli, na kofia. Jirani baliwaza ni mwizi, bakakutupia mawe."

Akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo Waapache wakawa watu wa ukoo. Akaanza kuwashauri. Kijana asipande farasi bila kula. Askari mwenye ndevu asiaminiwe. Na alimpenda hasa kambo wa yule kijana, mama mzee mwenye ulimi mkali aliyekuwa akificha unga wa akiba chini ya blanketi. "Ule eko sawa miye," alisema, na kweli, kambo naye alificha sukari yake mahali hapohapo.

Wakati huohuo baba mkubwa alikuwa anakuja kila Jumapili na gari lake, kwa jambo moja. Anaishi Golf, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ukuta mrefu, na wiki nzima anakaa Kasumbalesa, mpakani, akipitisha makamyo, yaani malori ya watu, kwenye forodha. Hurudi na macho mekundu na simu tatu. Alitaka mama yake ahamie kwake.

"Mama, hapa mabati inavuja. Uko peke yako. Kwangu kuko maji ndani ya nyumba, kuko jenereta, kuko chumba yako."

"Mi nitakufia hapa."

"Mama!"

"Hapa njo nilizalia weye, pale nyuma ya ile mulango. Utanitoa hapa na katapila."

Jumapili ya tatu alinivuta pembeni, karibu na gari. Hakuwa amelala, ilionekana. "Papa," akaniambia, na mara hii haikusikika kama utani, "banipigie simu siku moja kama ameanguka, niko mu foleni ya makamyo, nitafanya nini? Weye anakusikiaka. Unisaidie na ile mudomo yako."

Sitajipamba. Nilifikiri kuhusu mvua na mabati, ndiyo, kidogo. Zaidi nilifikiri kuhusu Jumamosi zangu. Golf ni hatua chache kutoka kwetu. Nilikuwa nimechoka na mabasi manne, na chungu kinachonichoma mapaja, na kufika uwanjani wenzangu wakiwa wanavaa viatu kurudi. Nilitaka ahame. Nilitaka nicheze mpira.

Na Jumatano iliyofuata kitabu kikafika penyewe. Waapache wametoroka kutoka lile bonde. Wanakimbilia mpaka, ng'ambo yake askari hawana ruhusa. Wanatembea gizani, wanajificha mchana, na askari wako nyuma, vumbi lao linaonekana. Kwenye mlima mmoja kambo wa yule kijana anakaa kwenye jiwe na kusema miguu yake imemaliza. Hakuna farasi wa ziada. Hasemi mengi. Wanamwachia kibuyu cha maji na blanketi. Kijana ndiye wa mwisho kugeuka kumtazama, na mama mzee anamwonyesha kwa kidevu: nenda.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Niliyasoma kwa macho. Kambo alikuwa ameinamisha kichwa kunisikiliza vizuri, sombe imepoa kwenye sahani.

"Alafu?" akasema. "Ameikala ku jiwe. Alafu?"

"Alafu... mujukuu wake amemubeba."

"Amemubeba?"

"Amemuweka ku farasi. Alikataa, alikataa, kiisha akakubali. Bamevuka mupaka. Bamefika ku muji moja muzuri, bamemupatia nyumba." Mdomo wangu ulikuwa umeshashika njia, haukusimama tena. "Maji iko ndani. Hapana kuchota." Nusura niweke na jenereta.

Akauliza taratibu: "Na hakulia?"

"Alilia kidogo. Kiisha akazoea."

Jumapili alimwambia baba mkubwa alete gari. Baba mkubwa aliniangalia kwa shukrani kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tulifunga nguo zake kwenye vitenge viwili. Kopo la maziwa alilishika mwenyewe, mapajani, njia nzima.

Jumamosi iliyofuata nilicheza mpira. Tulifungwa, lakini nilikuwepo.

Jumatano nilikwenda Golf. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani, na nilipomwambia namtafuta mke wangu hakucheka, aliandika tu kwenye daftari. Kambo alikuwa kwenye kiti cheupe cha plastiki barazani, uso kwa ukuta. Hakuna jirani wa kusalimia juu ya ukuta ule. Mbabula yake, jiko la makaa, ilikatazwa kwa sababu ya vigae. Mke wa baba mkubwa alikuwa kwenye duka lake mjini, baba mkubwa Kasumbalesa, na msichana wa kazi, mtoto mwema, alimwekea redio inayozungumza Kifaransa. Chumbani kulikuwa na bomba. Alikuwa amelifungua maji yakamwagika asubuhi nzima, kwa kuwa hakuona kama amelifunga, na tangu hapo aliogopa kuligusa.

"Kambo, bwana yako amefika," nikasema.

"Ikala," akasema. Basi. Hakuna tusi, hakuna chochote.

Nilipofungua kitabu akainua kidole. "Hapana bale bengine. Unisomee ule mama. Kule balimupeleka, eko anaishi namna gani?"

Kitabuni mama yule hayupo tena. Amebaki kwenye jiwe ukurasa wa tisini na kitu. Kwa hiyo nilianza kubuni. Jumatano hiyo nilimpa shamba la maboga. Jumamosi nilimpa kuku. Jumatano nyingine nilimpa binamu wa kumtembelea, nikasahau, Jumamosi nikasema hana ndugu kule, ikabidi nimuue binamu. Kila niliposimama nje ya lango la Golf nilikuwa nimechoka kabla ya kuanza. Sikujua kwamba uongo mmoja unakula nguvu hivyo. Na kambo aliuliza jambo lilelile kila mara, bila kugeuza uso kutoka ukutani:

"Na anasemaka na nani?"

Nilisema anasema na kuku.

"Kuku," akasema. Bukari yake ilibaki kwenye sahani, imefanya ngozi juu. Kitenge kilikuwa kinamzunguka mara mbili. Nilipomwinua kwenda ndani, nilimwinua kwa mkono mmoja, na hapo nikaogopa kweli. Akikaa pale hadi mwisho wa muhula, nilijua, tutamtoa ndani ya jeneza, na mimi, kama desturi inavyotaka, mjukuu mwenye jina, nitapaswa kuchekesha watu kwenye kilio. Sikuwa na kichekesho hata kimoja.

Ijumaa usiku sikulala vizuri. Jumamosi sikwenda mpirani wala sikusubiri chakula cha mama. Nilimkuta kwenye kiti kilekile.

"Kambo, nilikudanganya. Ule mama hakuvuka mupaka."

Nikafungua ukurasa wenyewe, nikausoma kama ulivyo, neno kwa neno, jiwe, kibuyu, blanketi, kidevu. Nilipomaliza nilisubiri kofi. Mkono wake ulikuwa karibu, na kofi lake nalijua.

"Maji kiasi gani balimuachia?" akauliza.

"Kibuyu moja."

"Na nani aliangalia nyuma?"

"Mujukuu wake."

Akatikisa kichwa polepole. "Bale balikuwa na baaskari nyuma yabo. Sawa. Weye, nani alikuwa nyuma yako?"

Nilitafuta jibu la kuchekesha, kwa mazoea, nikaliacha. "Mupira," nikasema.

"Nini?"

"Nilitaka kucheza mupira ya Siku ya Posho. Mabasi ilinichokesha."

Kwanza mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, kisha kwa sauti, kisha kwa kukohoa, mpaka msichana wa kazi akatoka mbio na kikombe cha maji. "Mupira!" alisema. "Namba ya bure weye! Na mi niko hapa ninahurumia Baapache!"

Baba mkubwa alikuwa amerudi jana yake jioni, amelala kwenye kochi na viatu. Kambo aliniagiza nimwamshe. Alikuja barazani akikuna upara.

"Mi narudia ku nyumba yangu leo," akamwambia.

"Mama, tulisha kusema..."

"Bwana yangu njo alinileta hapa, kwa uongo. Yeye njo atanirudisha. Na ataikala na miye, achote maji, alale ku mulango. Muntu na muke yake hawaachanake."

Baba mkubwa akacheka, akaniangalia nicheke naye. Sikucheka. Nilikuwa ninahesabu: foleni ya maji, mabasi ya kwenda masomo, mabati. Akaacha kucheka.

"Papa?" akaniuliza. Ananiita hivyo miaka kumi na mitano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alisubiri jibu kama mtoto mbele ya baba yake. Ningeweza kusema ni utani. Kila mtu angelikubali, hata kambo pengine angelikubali, angenyamaza na kugeuza kiti kwenye ukuta.

"Mama yako amesema," nikajibu. "Leta gari."

Mtu mzima yule akaenda kutafuta funguo. Kwetu, baba na mama wakikubaliana, mtoto anyamaze. Hata mtoto mwenye simu tatu.

Hiyo ni habari ya muhula uliopita. Mama yangu alipiga kelele siku mbili, kisha akanipa blanketi. Baba mkubwa alileta mabati mapya na fundi, na sasa hupita Jumapili kula sombe nasi, akisinzia kwenye benchi. Kuhusu Waapache, nilieleza kitabu mbele ya darasa nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikufanya mzaha hata mmoja, na mwalimu aliniuliza kama ninaumwa. Mpira sichezi. Mgongo wangu ni wa mzee wa reli.

Kitabu kimepita tarehe ya kurudishwa na padri ananitafuta, lakini kambo hataki kiondoke. Tumeshafika mwisho, ambako wengi wanakamatwa na kupandishwa kwenye treni, naye hakupenda, alisema treni yeye anaijua. Anachotaka ni ukurasa uleule wa mlimani. Kila jioni, kabla ya jua kuzama, bukari ikiwa motoni kwenye mbabula, ananiambia nisome. Anasikiliza kama anakagua kazi ya mtu, kuona kama nimeongeza farasi. Nikifika penye kibuyu, ananisimamisha.

"Maji kiasi gani?"

"Kibuyu moja, kambo."

"Na siye, mu bidoni imebakia kiasi gani?"

Ninainamisha bidoni, ninaangalia. Mara nyingi ni vikombe viwili, vitatu.

"Basi, bwana," anasema. "Kesho uende mapema."